Daraja Linalovunjika Darasani na Daraja Linalosubiriwa Mtoni

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali kuhusu miundombinu hukutana mara kwa mara na maneno haya: "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea". Kwa mkazi wa kijiji ambacho watoto wake hushindwa kufika shuleni mto unapojaa, maneno hayo yanaweza kusikika kama namna ya kistaarabu ya kumwambia asubiri. Huuliza, na ana haki ya kuuliza: mto anauona, barabara anaiona, mawe na mchanga vipo, ni kitu gani hicho kinachosanifiwa kwa miezi yote hiyo?

Njia nyepesi ya kulipata jibu ni kuketi kwenye dawati la mwanafunzi wa uhandisi anayejifunza kusanifu daraja kwa programu ya kompyuta. Programu za aina hiyo huitwa programu za uigaji, kwa kuwa huiga ndani ya kompyuta yale ambayo yangetokea katika kitu halisi. Mwanafunzi huchora daraja, huchagua vyuma, kisha hubonyeza kitufe na kuona lori likianza kulivuka. Daraja likiwa imara, lori hufika ng'ambo. Likiwa dhaifu, huvunjika mbele ya macho yake na lori hutumbukia bondeni. Hakuna anayeumia na hakuna shilingi inayopotea. Mwanafunzi hurekebisha mchoro wake na kujaribu tena, hata mara 30 kwa siku moja.

Miongoni mwa programu zilizotumika sana kufundishia somo hili ni ile iliyoanza kwa jina la West Point Bridge Designer. Iliandaliwa na Stephen Ressler, aliyekuwa mwalimu wa uhandisi ujenzi katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, na ikatumika katika mashindano ya wanafunzi yaliyoambatana na maadhimisho ya miaka 200 ya chuo hicho mwaka 2002. Hupatikana bila malipo, na toleo la kupakua likishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Jambo hili la mwisho lina uzito kwa shule iliyo mbali na mji, ambako bando la siku huisha kabla ya kipindi.

Mwandishi wa makala haya alisomea mambo ya habari, si uhandisi. Alipoijaribu programu hiyo, daraja lake la kwanza halikusubiri hata lori lifike katikati. Kosa lake lilikuwa la kawaida kwa anayeanza: aliweka vyuma vinene mahali palipoonekana kuwa pa hatari, na kuacha vyembamba pale ambapo hatari ilikuwapo kweli.

Ili kuelewa kosa hilo, msomaji aikumbuke kenchi ya paa la nyumba. Daraja ambalo mwanafunzi huanza nalo limejengwa kwa wazo lilelile la kenchi, yaani vipande vilivyounganishwa kwa pembetatu. Fundi seremala anajua kwamba mbao nne zilizopigiliwa misumari kwa umbo la mraba hulegea na kulala upande zikisukumwa, lakini mbao tatu zilizounganishwa kwa pembetatu hazibadilishi umbo hadi ubao mmojawapo uvunjike au msumari ung'oke. Ndiyo sababu madaraja mengi ya vyuma ya reli na ya barabara yamejaa pembetatu.

Ndani ya pembetatu hizo kila kipande hufanya mojawapo ya kazi mbili. Kuna vipande vinavyovutwa kwa pande zote mbili, kama kamba inayobeba ndoo kisimani, na kuna vinavyogandamizwa, kama nguzo ya kibanda inayobebeshwa paa. Katika programu tuliyoitaja, lori linapotembea juu ya daraja, vipande vinavyovutwa hugeuka rangi ya buluu na vinavyogandamizwa huwa vyekundu, na rangi hukolea kadiri kipande kinavyokaribia mwisho wa uwezo wake. Mwanafunzi huona kwa macho jambo ambalo katika daraja halisi halionekani kabisa: njia ambayo uzito wa gari hupitia, kipande kwa kipande, hadi kufika kwenye kingo za mto.

Hapo ndipo hujifunza kwamba kuvutwa na kugandamizwa si hatari zinazofanana. Mkulima wa Butiama anaweza kulithibitisha hili kwa bua la mtama. Akilishika bua refu kwa ncha zake mbili na kulivuta, atatoka jasho kabla halijakatika. Akiligandamiza kutoka ncha hizohizo, litapinda katikati na kuvunjika kwa nguvu ndogo tu. Akikata kipande kifupi cha bua hilohilo na kukigandamiza, kitastahimili zaidi. Kanuni inasema kwamba chuma chembamba kinachogandamizwa kikiongezwa urefu mara mbili, uwezo wake wa kustahimili kupinda hushuka hadi robo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka daraja lake lisivunjike si lazima anunue chuma kinene zaidi. Anaweza kuongeza kipande kidogo cha kukishikilia kile kirefu katikati, au kutumia bomba lililo wazi ndani badala ya nondo nzima yenye uzito uleule.

Kosa la aina hiyo liliwahi kuua. Tarehe 29 Agosti 1907, daraja kubwa la chuma lililokuwa likijengwa Quebec nchini Kanada liliporomoka na kuua wafanyakazi 75. Vyuma vya chini vilivyokuwa vikigandamizwa ndivyo vilivyopinda. Umbali kati ya nguzo ulikuwa umeongezwa, lakini hesabu za uzito wa daraja lenyewe hazikurudiwa upya kwa wakati. Mwanafunzi wa leo hurudia hesabu hizo kwa kubonyeza kitufe, na kompyuta humwambia ndani ya sekunde kwamba badiliko alilofanya limeongeza mzigo mahali ambapo hakupafikiria.

Programu hufundisha pia jambo ambalo msomaji wa taarifa za zabuni atalitambua mara moja, nalo ni gharama. Kila badiliko kwenye mchoro hubadilisha bei inayoonekana juu ya skrini. Ushindi si kujenga daraja lisilovunjika, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kufanya hivyo akirundika chuma. Ushindi ni kujenga daraja lisilovunjika kwa fedha ndogo kuliko wenzako. Mwanafunzi hugundua kwamba kutumia vyuma vya saizi 15 tofauti, kila kimoja kikiwa kimepunguzwa hadi kiwango chake cha chini, huweza kugharimu zaidi kuliko kutumia saizi nne au tano tu, kwa sababu kila saizi mpya ina gharama yake ya kuagiza na kuandaa. Hugundua pia kwamba kuinua barabara juu zaidi hupunguza uchimbaji wa kingo lakini hurefusha daraja. Hakuna jibu moja. Kuna majibu mengi, kila moja na bei yake, na mhandisi analazimika kueleza kwa nini amechagua hili na si lile.

Hadi hapo programu imefanya kazi nzuri. Lakini ina upungufu mmoja ambao kwa Mkoa wa Mara ni mkubwa: ndani yake hakuna maji. Bonde limechorwa, mto umechorwa, ila mto huo haujai. Adui pekee wa daraja ni uzito wake na uzito wa lori. Katika mito yetu, na katika nchi nyingi duniani, madaraja mengi yanayopotea hayavunjiki kwa sababu ya gari kuwa zito. Huondoka kwa sababu maji yamechimba udongo chini ya msingi, au yamelizunguka daraja na kulikata tuta la barabara linaloungana nalo. Wananchi wengi wameiona picha hiyo baada ya masika: daraja limesimama salama katikati ya mto, na pande zake zote mbili hakuna barabara.

Kwa hiyo darasa la usanifu wa madaraja likiishia kwenye skrini, limeishia njiani. Lazima litoke nje, na Mara ina bahati ya kuwa na mito ya tabia mbalimbali ndani ya umbali wa safari ya siku moja.

Tuanze na Kirumi, wilayani Butiama, ambako barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Sirari kwenye mpaka wa Kenya inavuka Mto Mara. Mto huu huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia kwenye ardhi oevu pana yenye mafunjo kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Mafunjo hayo hufanya kazi ya sponji. Mafuriko yanayotoka juu hutapanywa na kupunguzwa kasi kabla ya kufika Kirumi, ingawa hukaa kwa muda mrefu zaidi. Upande wa pili kuna ziwa lenyewe. Kina chake kinapopanda, maji ya mto hukosa pa kwenda na hurudi nyuma. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961. Mwanafunzi anayesanifu daraja mahali kama hapo lazima ajue historia ya ziwa kama anavyojua historia ya mto.

Upande wa Bunda hali ni nyingine. Mito kama Rubana na Grumeti hutokea nyanda za Serengeti na kuelekea Ghuba ya Speke. Wakati wa kiangazi mtu huweza kudhani kwamba kalavati mbili tatu zingetosha. Mvua ikinyesha huko juu, maji hufika kwa haraka, mara nyingine jua likiwa linawaka mahali pa kuvukia, yakiwa yamebeba magogo na matawi. Katika nyanda za chini karibu na ziwa kuna pia udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi uliowekwa juu ya udongo huo bila maandalizi hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Kilomita chache kutoka hapo, kuelekea Butiama na Musoma, mhandisi hukutana na majabali ambayo kaka zetu wa Bunda wangeyatamani. Mchoro uleule mmoja, ukihamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine, huweza kuwa salama huku na hatari kule.

Maji yanapobanwa hukimbia. Mto wenye upana wa mita 40 wakati wa mafuriko ukilazimishwa kupita katika uwazi wa mita 20, kasi ya maji chini ya daraja huweza kukaribia mara mbili. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya maji kuisukuma nguzo huwa mara nne, na uwezo wake wa kung'oa mchanga na mawe huongezeka zaidi ya hapo. Hii ndiyo sababu wananchi huona daraja likijengwa refu kuliko kijito wanachokifahamu wakati wa kiangazi, na kujiuliza kama fedha hazipotei. Urefu huo wa ziada ni nafasi ya mto utakapodai njia yake.

Utadai lini? Hapa wahandisi hutumia lugha ambayo mara nyingi hueleweka vibaya. Wakisema daraja limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 100, hawamaanishi kwamba mafuriko hayo huja kila baada ya miaka 100, wala kwamba yakishakuja mwaka huu tutapumzika kwa karne nzima. Wanamaanisha kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia moja wa kutokea mafuriko makubwa kiasi hicho au zaidi. Daraja linalotarajiwa kudumu miaka 50 basi lina uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukutana nayo angalau mara moja. Likisanifiwa kwa mafuriko madogo ya miaka 25, uwezekano wa kuzidiwa katika miaka hiyohiyo 50 hufikia takribani asilimia 87. Hesabu hii mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu, na pengine ndiyo hesabu inayostahili kufanywa kabla hajaruhusiwa kuchora chuma hata kimoja.

Kwa mto, kuna programu nyingine ya uigaji. HEC-RAS, iliyoandaliwa na kikosi cha wahandisi cha Jeshi la Marekani, nayo hutolewa bure na hutumiwa na wataalamu katika nchi nyingi. Hii haichori vyuma. Hupewa umbo la mto, mwinuko wake, kiasi cha maji na hali ya kingo zake, kama ni mchanga mtupu, nyasi au mafunjo, kisha huonesha maji yatapanda hadi wapi na yatakimbia kwa kasi gani. Mwanafunzi akiweka daraja lake ndani ya mto huo, huona maji yakijazana upande wa juu na kuingia kwenye mashamba na nyumba za watu. Daraja lililofaulu mtihani wa lori huweza kufeli mtihani huu.

Lakini kompyuta hujibu kwa kutegemea ilichoambiwa. Ukiipa vipimo vya kubahatisha, itakupa jibu la kubahatisha lenye nukta na desimali, na jibu la aina hiyo hudanganya kwa urahisi kwa sababu linaonekana la kitaalamu. Vipimo vya kweli hupatikana mtoni: watu wenye ala za upimaji wakivuka kutoka kingo hadi kingo, mitambo ikichoronga udongo ili kujua mwamba uko kina gani, na kumbukumbu za miaka mingi za mvua na wingi wa maji, ambazo kwa kanda hii husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ndiyo kazi inayofanyika wakati taarifa inaposema usanifu unaendelea, na sehemu kubwa yake haifanyiki ofisini. Msimu mmoja wa mvua ukipita bila kupimwa, hakuna programu inayoweza kuurudisha.

Mahali ambapo hakuna kituo cha kupima maji, na vijito vyetu vingi havina, kipimo kinachobaki ni kumbukumbu za wakazi. Mhandisi au mwanafunzi huwatafuta wazee na kuwauliza: mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 maji yalifika wapi? Yaligusa mti gani, nyumba ipi, ngazi ya ngapi ya shule au zahanati? Alama ile hupimwa na kuingizwa kwenye hesabu. Mkazi anayeulizwa swali hilo asilichukulie kuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Jibu lake linaweza kuongeza au kupunguza mita nzima kwenye kimo cha daraja, na mita hiyo italipiwa kwa fedha za umma.

Swali linalofuata ni la walimu na wazazi: je, vijana wetu wanaweza kuanza kujifunza haya mapema? Mazingira yameanza kuruhusu. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutekelezwa mwaka 2024, ikiwa na mkondo wa amali unaompa mwanafunzi wa sekondari stadi za ufundi tangu kidato cha kwanza. Musoma ina shule ya sekondari ya ufundi, na Butiama ndiko Serikali inakokiendeleza Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho ni miongoni mwa vyuo vinavyonufaika na mradi wa HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi wenye thamani ya dola za Marekani milioni 425. Programu zenyewe ni bure. Kinachohitajika ni kompyuta chache, umeme wa uhakika na mwalimu aliyeandaliwa. Lugha ya programu ni Kiingereza, na hapo mwalimu ana kazi ya ziada ya kuhakikisha mwanafunzi anaelewa kwa nini kipande kimekuwa chekundu, si kukariri jina lake tu.

Shule isiyo na kompyuta haijafungiwa mlango. Vijiti vya mianzi, uzi na gundi hutosha kutengeneza daraja la nusu mita, na chupa za maji zilizojazwa kimoja baada ya kingine hutosha kulijaribu hadi livunjike. Daraja hilo likiwekwa juu ya mfereji wa mchanga na ndoo ya maji ikamwagwa kwa juu, wanafunzi wataona maji yakichimba chini ya vitako vyake kabla vijiti havijaguswa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jaribio hilo la ndoo lina thamani kuliko saa nyingi mbele ya skrini, na lingefaa kufanywa hata na wale wenye kompyuta.

Yapo mambo ambayo hakuna uigaji unaoyahesabu, kwa sababu hutokea baada ya daraja kukabidhiwa. Mchanga ukichimbwa kwenye sakafu ya mto karibu na nguzo, msingi uliozikwa mita tatu hubaki umezikwa mita moja. Mashamba yakilimwa hadi ukingoni, ndani ya mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda, kingo hulegea na mto huhama njia. Gari likipita na mzigo unaozidi tani 56, ambazo ni ukomo wa uzito wa jumla unaoruhusiwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, linaongeza mzigo ambao msanifu hakuuweka kwenye hesabu za matumizi ya kila siku.

Kwa mwananchi atakayehudhuria mkutano wa kijiji au mtaa ambako mradi wa daraja unatambulishwa, yapo maswali anayoweza kuyauliza wataalamu wa TARURA au TANROADS, na wao wanapaswa kuwa na majibu yake. Daraja limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka mingapi? Msingi utafika kwenye mwamba au utaishia kwenye udongo, na kwa kina gani? Maji yakizidi kiwango hicho, yatapita wapi? Tuta la barabara pande zote mbili limekingwa kwa nini: mawe, zege au nyasi? Mwanafunzi aliyewahi kuona daraja lake likivunjika kwenye skrini, kisha likasombwa kwenye mfereji wa mchanga, ataelewa kila jibu atakalopewa.